Masika Watani Waliponyamaza

Jumapili, 12 Februari 1956. Nambasa.

Nimechukua daftari moja la shule. Fridolin ameliona, akasema hiyo ni mali ya wanafunzi. Nimemwambia basi aniandike darasani, nikae dawati la nyuma na tumbo langu hili. Akaanza kuhesabu madawati. Mume wangu ni mwalimu mzuri, lakini mzaha humpita pembeni, kama mvua inayonyesha shamba la jirani. Simlaumu sana. Alifiwa na wazazi angali mdogo, akalelewa na mapadri, akasoma seminari mpaka alipoona upadri si wake. Mambo mengi ambayo sisi wengine tuliyapata jikoni na misibani, yeye ameyapata kitabuni au hakuyapata kabisa.

Mvua sasa inanyesha kwa nia. Kiangazi hapa si kisiwani. Ni miinuko tu katika mbuga ya Kilombero, mtu anatembea kwa miguu kutoka mmoja hadi mwingine akikanyaga mabua ya mpunga. Masika mto unapanda, na sisi wa Nambasa, na wa Kibambo, na wa Lihumbi, tunakuwa watu wa visiwani mpaka Juni. Ifakara inakuwa mbali kama Ulaya.

Mtoto atakuja Aprili, Mungu akipenda. Mimba mbili za kwanza hazikukaa. Hii imekaa.

Jumatano, 15 Februari

Jumatano ya Majivu. Majivu usoni, matope miguuni. Tumekamilika.

Jumapili, 19 Februari

Leo nimekwenda Lihumbi kwa mkunga. Maji yameshajaa katikati, kwa hiyo Mzee Polikarpo wa Kibambo ametupeleka mimi na Fridolin kwa mtumbwi wake. Wa Kibambo ni Wandamba, na kafi wanaishika kabla ya kushika kijiko. Wa Lihumbi ni Wahehe. Wamekaa na mto huu tangu enzi za Mjerumani na mpaka leo hakuna mmoja wao anayejua kupiga kafi. Wakitaka kwenda popote, lazima wamwite Mndamba.

Na mkunga wa visiwa vyote, Bibi Katarina, yuko Lihumbi. Ni dada yake Mzee Polikarpo, ameolewa na Mzee Tadei Kihwele, Mhehe. Kwa hiyo mitumbwi iko huku na mkunga yuko kule, ndivyo ilivyopangwa, na haijasumbua mtu.

Mtumbwi haujagusa pwani, Mzee Tadei keshaanza: "Nani kawaruhusu watumwa wangu kutembea Jumapili?"

"Funga mbwa wako, shemeji," akajibu Mzee Polikarpo. "Au umeshamla?"

"Nimekuwekea mkia."

Wakashikana mikono, wakacheka mpaka Mzee Polikarpo akakohoa. Kisha wakamgeukia Fridolin, nami nikajua watamla mzimamzima. Alikuwa amewauliza habari za zamani, nani alitangulia visiwani, nani alikuja baadaye. Mzee Tadei akakunja uso kama hakimu. Akasema Wandamba wa Kibambo ni watumwa wa baba yake, waliouzwa wote kwa mbwa mmoja mweusi, na mbwa mwenyewe alikuwa kipofu. Akalamba kidole, akakipitisha shingoni, akaapa. Mzee Polikarpo alikuwa amekaa palepale akichokonoa meno, hakukanusha hata neno. Fridolin alikuwa anaitikia kwa kichwa, kwa heshima.

Mimi nilikuwa ndani nimelala chali, nawaona kupitia mlangoni, Bibi Katarina ananisukuma tumbo kwa mafuta ya nyonyo. "Huyu amekaa kitako," akasema. "Nitajaribu kumgeuza, lakini ni mbishi. Siku ikifika, uniite uchungu ukianza tu. Usisubiri kuona kama ni wenyewe."

Nikamuuliza kama ni kweli habari ile ya mbwa. Alicheka. Akasema baba yake Tadei alifika hapa akikimbia, Wajerumani wamevunja nchi ya Wahehe, ana mke na mtoto mchanga mgongoni, amekonda anakula mizizi ya matete. Babu wa kina Polikarpo akamvusha, akampa Lihumbi. Mtoto yule wa mgongoni ndiye Tadei mwenyewe.

"Sasa watu kama hao watakaaje pamoja?" akasema. "Mmoja ameokoa, mwingine ameokolewa. Wakiheshimiana kila siku, mmoja atakuwa bwana. Wakatukanana. Ndiyo dawa."

Nimeiandika ili nisiisahau.

Jumatatu, 27 Februari

Mvua. Kuni zimeloa. Tumekula ugali na moshi.

Jumamosi, 3 Machi

Fridolin ana homa ya visiwa. Katika kitabu cha darasa la nne kuna habari za visiwa vya Ngazija, huko baharini, jinsi Waarabu walivyofika, na Washirazi, na watu wa Bukini, ndiyo Madagaska, na watu wa bara, kila mmoja akaacha neno lake, chakula chake na mtoto wake, mpaka wakawa watu wapya. Amewasomea watoto. Mmoja akauliza: "Mwalimu, na visiwa vyetu?"

Basi tangu siku hiyo halali. Anasema kweli tupu: hapa pia kila mwinuko una watu wake. Wandamba na samaki wao, Wahehe na ng'ombe wao wawili waliokonda, sisi Wapogoro wa Nambasa tuliotoka Mahenge wakati wa vita vya Maji Maji. Tunakula kambale kwa mapishi ya Kindamba, tunaimba arusi kwa Kipogoro, tunaapa Kihehe. "Aurelia," ananiambia, macho yanang'aa, "sisi ni Ngazija ya maji baridi!" Nilimpenda sana alipokuwa anasema hivyo. Niliona kijana aliyeniposa.

Anawafundisha watoto shairi la kusema siku ya Mtakatifu Yosefu, mbele ya wazazi. Nimemwambia aniimbie. Amekataa, anataka liwe la ghafla.

Alhamisi, 8 Machi

Mtoto ana kwikwi, kisha anapiga mateke. Bado amekaa kitako.

Jumatano, 14 Machi

Maji yamefika kwenye mti wa kengele. Kiboko amelala nyuma ya choo cha shule. Darasa limeahirishwa mpaka atakapoamua yeye.

Jumatatu, 19 Machi. Mtakatifu Yosefu.

Ee Mungu wangu.

Watu wote walikuja, visiwa vitatu. Mitumbwi ya Kibambo imeleta Wahehe wote, wazee na watoto, huku wanatukanana majini tangu asubuhi. Baada ya sala tukakaa nje ya kanisa, mvua imetuonea huruma. Watoto wakapanga mstari, wamenyoosha shati, mikono nyuma. Wakaanza vizuri. Mto unatoka wapi, samaki majina yao. Mimi nilikuwa nimefurahi, nimekaa karibu na Rosa, mke wa Mzee Polikarpo, tunamenya ndizi.

Kisha watoto wote, kwa sauti moja, wajukuu wa Mzee Polikarpo wakiwa mbele kabisa kwa sababu ni wafupi:

"Wandamba wa Kibambo walikuwa watumwa. Walinunuliwa na Wahehe. Bei yao ilikuwa mbwa mmoja mweusi."

Ndizi ilinitoka mkononi. Kwanza wachache walicheka, wakidhani utafuata mzaha wa kujibu. Haukufuata. Watoto wakaendelea na habari ya kuja kwa mapadri. Hakuna mtoto aliyetabasamu. Walikuwa wanasema kama wanavyosema Baba Yetu.

Mzee Polikarpo alisimama polepole. "Tadei," akasema, wala hakumwita shemeji. "Haya ndiyo uliyompa mwalimu awafundishe wajukuu zangu?"

Mzee Tadei alifungua mdomo. Najua alitaka kusema ulikuwa utani, wewe mwenyewe ulikuwepo. Lakini watu mia walikuwa wanamtazama, na mzee wa Kihehe hasimami mbele ya watu akajitetea. Akasema tu, "Muulize mwalimu."

"Basi mwalimu awafundishe na haya." Sauti ya Mzee Polikarpo ilikuwa ya chini, ndiyo iliyonitisha. "Babu yangu alimwokota baba yako kwenye matete anakula mizizi kama nguruwe. Alimpa ardhi. Alimpa mtama. Ule mgongo uliokubeba usingefika kokote bila mtumbwi wetu. Na huo si mzaha."

Ulikuwa ukweli, kila mmoja alijua ni ukweli, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuusema. Mzee Tadei alitazama chini. Akachukua fimbo yake akaenda kukaa mtumbwini, akisubiri kurudishwa, kwa sababu hata kukasirika na kuondoka hawezi bila Mndamba wa kumvusha. Waliwarudisha Wahehe wote. Tangu hapa mpaka Lihumbi hatukusikia sauti ila kafi.

Fridolin aliniuliza jioni, "Lakini aliapa, Aurelia. Kwa nini aliapa?"

Nikamwambia mtani huapa daima, hiyo ndiyo chumvi yake. Nikamwambia uliwahi kukaa msibani hata mara moja katika maisha yako, ukaona watani wanavyotukana mpaka kaburini? Nikamwita mjinga. Kisha akakaa ukingoni mwa kitanda na viatu vyake mkononi, nami nikajuta kidogo, si sana.

Jumatano, 21 Machi

Hakuna mtumbwi uliokwenda Lihumbi.

Jumapili, 25 Machi. Matawi.

Wahehe hawakuja kanisani. Hakuna mtumbwi uliokwenda kuwachukua. Tumeimba hosana nusu.

Jumanne, 27 Machi

Fridolin alikwenda Kibambo kuomba radhi. Kati ya hapa na Kibambo maji ni ya kifua, unavuka na fimbo ukimwomba Mungu na mamba pamoja. Mzee Polikarpo alimpokea vizuri, akampa kiti, akampa perege wa kuchoma.

"Mwalimu, wewe hukunitukana," akamwambia. "Mtu akinitania, macho yake yanacheka, nami nayaona. Wajukuu zangu hawakucheka. Wameshaamini. Sasa nikimtania Tadei, wao watasikia mtumwa anajibu bwana wake. Umeninyang'anya mdomo."

Fridolin akamwambia atawafundisha watoto upya. Mzee akasema, "Fundisha. Lakini mtumbwi wangu umesahau njia ya Lihumbi."

Nikamuuliza Fridolin, na mkunga? Alisema hakuthubutu kulitaja. Hakuthubutu! Ninaandika hapa ili Mungu asome.

Jumapili, 1 Aprili. Pasaka.

Kristo amefufuka. Wahehe hawapo. Tunaona moshi wao tu. Rosa anasema hata chumvi imewaishia kule. Anasema na mume wake hali chakula vizuri, anakaa upande wa mto akitazama Lihumbi, ukimuuliza anasema anatazama mvua.

Nimeanza kumwona Mzee Tadei vingine. Nilidhani ni mzee mwenye mdomo mchafu tu. Sasa nafikiri kila asubuhi ya maisha yake aliamka kwenye kisiwa cha kupewa, na matusi yale ndiyo yaliyomsimamisha wima.

Alhamisi, 5 Aprili

Mvua mchana kutwa. Mgongo unauma. Hakuna mtumbwi.

Jumatatu, 9 Aprili

Nimemwambia Fridolin: tukiita, watakuja. Watu wa hapa si wanyama. Amesema ndiyo. Wote wawili tulisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Jumapili, 15 Aprili

Sasa naweza kushika kalamu. Nitaandika yote mara moja.

Uchungu ulianza Alhamisi alfajiri. Sikusubiri kuona kama ni wenyewe. Nilimwamsha Fridolin, akatoka bila shati. Maji yalikuwa yamepanda, hayakuwa ya kifua tena, yalimfika kidevuni. Mume wangu hajui kuogelea.

Alimkuta Mzee Polikarpo anasuka mgono wa samaki. Akamwambia. Mzee akaendelea kusuka. Akasema niletwe Kibambo, wanawake wa hapo watanisaidia. Fridolin akasema mtoto amekaa kitako, ni dada yako tu anayemweza. Mzee akasema, "Nimeapa, mwalimu. Safari hii niliapa kweli." Fridolin akapiga magoti kwenye matope. Mzee akamwomba ainuke, akamwomba tena, hakuinuka, na hivyo ndivyo walivyokaa, wanaume wawili wazima, mmoja chini mmoja juu ya kigoda, huku mimi nauma kona ya mto wa kulalia. Jua likapanda.

Rosa alikuwa shambani anafukuza ndege. Aliporudi akawakuta. Fridolin anasema hakuuliza maswali mengi. Alitupa jembe, akachukua kafi, akamwambia mumewe, "Kaa na kiapo chako ukinyonyeshe." Akasukuma mtumbwi peke yake. Hapo ndipo mzee akakimbia, akaingia majini mpaka kiunoni, akarukia ndani.

Bibi Katarina aliingia chumbani adhuhuri imepita. Hakuuliza kwa nini nimechelewa kumwita. Aliosha mikono, akanitazama, nikaona usoni kwake kwamba anahesabu kitu na hakitimii. Miguu ilikuwa imeshatoka. Alifanya kazi yake, na aliifanya kama mtu anayepigana. Wa kike. Alilia mara moja, sauti ndogo ya paka. Bibi Katarina akachota maji ya mto yaliyokuwa kwenye kata, akambatiza palepale, Natalia, akanilaza naye kifuani. Alikuwa na nywele nyingi. Nilimhesabu vidole. Nilipofika mkono wa pili alikuwa amekwenda.

Sikulia. Sikusema neno, kwa yeyote, kwa kuwa lililokuwa mdomoni mwangu lingewaua. Nilimchukia Fridolin. Nilimchukia Polikarpo na kiapo chake, na Tadei na kiburi chake, na watu wote waliotoka mahali fulani wakaja kukaa hapa majini.

Ijumaa asubuhi walijaribu kuchimba nyuma ya kanisa. Kila jembe likiingia, maji yanatokea. Kibambo vivyo hivyo. Kuna mwinuko mmoja tu ambao masika haiufiki. Hakuna aliyeutaja. Mzee Polikarpo alikuja mlangoni, akavua kofia, akasema mtumbwi uko tayari.

Desturi inataka mzazi abaki ndani. Nilijifunga kanga mbili, nikatoka. Bibi Katarina alitaka kunizuia, kisha akanishika mkono akanipandisha mtumbwini. Mzee Polikarpo hakumwachia mtu kafi. Mwanangu alikuwa kwenye mkeka, mapajani mwa baba yake.

Pwani ya Lihumbi Mzee Tadei, aliyesikia vilio vya wanawake juu ya maji, alikuwa amesimama na jembe. Alikuwa ameshafyeka majani, juu kabisa, walikolazwa baba yake na mama yake. Hawakusalimiana. Mzee Tadei akachimba, akachoka, akanyoosha jembe pembeni bila kutazama, na Mzee Polikarpo akalipokea. Wakachimba hivyo kwa zamu, wazee wawili wenye mvi, wakati vijana wao wamesimama tu. Udongo ulikuwa mkavu. Kaburi la mtoto ni dogo, halikuchukua muda.

Fridolin alipoinuka na mkeka, Mzee Tadei akaingia kaburini.

Akakaa. Hakuenea. Magoti yalimfika kidevuni, kofia imekaa upande. Akasema kwa sauti kubwa ya kukera, "Hapa sitoki. Ni shamba langu, na nimepaona pazuri. Nyinyi wachawi wa Mahenge tafuteni pengine."

Watu wakaguna. Fridolin alinigeukia, uso umemtoka damu, akidhani tumetukanwa msibani. Nilimwona akitaka kusema, na nilimwona akijizuia. Alikuwa amejifunza.

"Mwacheni," akasema Mzee Polikarpo, na sauti yake ilitetemeka. "Tumfukie hukohuko. Dada yangu nitamtafutia mume anayejua kuogelea."

"Nifukie! Wewe hata shimo huwezi kuchimba, umechimba nusu, mvivu mkubwa. Nimekwama!"

Rosa akaanza kucheka, na huku analia, na wanawake wa Kihehe wakampokea. Mzee Tadei akanyanyua macho akanitazama mimi. Yalikuwa mekundu, yamejaa maji, na yalikuwa yanacheka.

"Hawa wote nimewakataa," akasema. "Nitatoka Mama Natalia akinifukuza mwenyewe."

Hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Maziwa yalikuwa yamenianza tangu asubuhi, kanga imelowa kifuani. Nilisogea mpaka ukingoni. Sikujua kama nina sauti.

"Toka humo, zee zima huna haya," nikamwambia. "Hicho ni kitanda cha mwanangu."

Akatoka. Mzee Polikarpo alimpa mkono kumvuta, na alipofika juu hawakuachiana. Ndipo nikalia.